eSIM Yako Bado Ni Romingi

Sai kila msee akitua Dubai au Istanbul lazima aposti ile kitu ya eSIM. Ameskani msimbo wa QR akiwa bado JKIA, ameshuka upande ule mwingine, data imeshika, na hajaongea na mtu yeyote wa kuuza laini. Maneno chini ya video huwa yaleyale: romingi imekufa, mipaka imeisha.

Hebu fungua maelezo ya hiyo eSIM. Karibu zote zinakuambia uwashe romingi ya data, la sivyo haitashika. Sasa kama romingi imekufa, unawasha nini?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa historia, kwa hivyo msiniite mwalimu. Lakini hii stori naijua na ni tamu kuliko zile video.

GSM ilianza Finland mwaka 1991, na ndio mtandao uliotuletea SIM kadi. Za kwanza kabisa zilitengenezwa Munich na Giesecke & Devrient, zikauzwa kwa Radiolinja ya huko Finland. Wazo lilikuwa rahisi: jina lako na bili yako vikae kwa kadi ndogo, simu ibaki tu kifaa. Mwaka uliofuata, 1992, Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza wakatia saini mkataba wa kwanza wa romingi. Ukifika London na laini ya Finland, mtandao wa pale unauliza wenu wa nyumbani, huyu mnamjua? Mtalipa? Wakijibiwa ndiyo, unaunganishwa. Ni sekunde chache. Kompyuta zinasalimiana, basi.

Kwa hivyo kiufundi, simu yako imekuwa ikivuka mpaka tangu kabla mimi nizaliwe. Ghali ilikuwa bei, na bei ni mkataba. Mtandao wa ugenini unamtoza wa nyumbani kwa jumla, wa nyumbani anaongeza yake juu, bili inakungoja. Na wewe ushafika, huna pa kwenda, nani atakupunguzia?

Sasa njoo huku kwetu. Septemba 2006, Celtel (ile iliyoanza hapa kama KenCell, na leo unaiita Airtel) ilizindua One Network Kenya, Uganda na Tanzania. Ukivuka mpaka, laini yako inafanya kazi kama umezaliwa huko. Unapiga kwa bei ya wenyeji. Kupokea simu ni bure. Hakuna kujaza fomu wala kuomba ufunguliwe. Na hii ndiyo inanimaliza: ungenunua kadi ya kredo kwa kiosk ya Jinja, uikwaruze, uiweke kwa laini ya Nairobi, na iingie.

Anko wangu wakati huo alikuwa taniboi wa lori, njia ya Mombasa kwenda Kampala. Anasema kabla ya hapo, lori likishapita Malaba nyumbani walikuwa wanasubiri tu. Gari liharibike, mtu augue, habari zitakuja na lori lingine. Halafu ghafla mathee yake anaweza kumpigia akiwa Tororo, na hawalipishwi kama watu wa ng'ambo. Yeye haiiti historia. Anaiita "ile wakati ya Celtel."

Kumbuka mwaka. Ulaya, na pesa zake zote, ilianza kuweka kikomo cha bei ya simu za romingi mwaka 2007, na ikaondoa ada za ziada tarehe 15 Juni 2017. Sisi tulikuwa tushapiga simu za mpaka kwa bei ya nyumbani miaka kumi na zaidi kabla. Wasee wa teknolojia hupenda kutuambia Afrika iliruka hatua kwa sababu ya M-Pesa. M-Pesa ni ya 2007. One Network iliitangulia, na hakuna anayeitaja.

Iliwezekanaje? Hakukuwa na mtambo wa ajabu. Kampuni moja ilimiliki mitandao ya nchi zote tatu, kwa hivyo haikuwa na mtu wa kugombana naye kuhusu bei ya jumla. Mfuko wa kushoto ulikuwa unalipa mfuko wa kulia. Wapinzani nao hawangekaa tu: Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda wakashikana na ofa yao. Celtel ikaendelea kusambaa, 2007 ikaingiza Kongo zote mbili na Gabon, kisha jina likawa Zain, halafu mwaka 2010 Bharti ya India ikanunua. Majina yamebadilika hadi unachoka.

Serikali ziliamka baadaye. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana One Network Area. Kupokea simu bure, kupiga kusizidi senti 10 za Marekani kwa dakika, na zile ada za simu za kimataifa zikaondolewa kwa simu za kati yao. Mwaka huohuo tukaanza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Lakini mpango ulianza na simu za sauti, na Tanzania haikuwa ndani. Sisi nao tulikuwa tunahama kutoka kupiga simu kwenda data. Mkataba uliangalia tulikotoka.

Hapo katikati ndipo eSIM ikaingia. Kiwango chake cha simu za kawaida kilikuja 2016, Pixel 2 ikawa nayo 2017, iPhone XS 2018. Chipu imeshikanishwa ndani ya simu, laini unaipakua. Mwaka 2019 ikaanzishwa Airalo, na baada yake wengine kibao. Nyingi ya kampuni hizi hazina hata mnara mmoja. Zinanunua data kwa jumla kutoka mitandao tofauti na kukuuzia kwa programu. Laini unayopakua mara nyingi ni ya nchi ya tatu kabisa, ndiyo maana uko Kigali na tovuti inadhani uko Poland. Laini ya kigeni kwa mtandao wa wenyeji. Hiyo ni romingi ileile ya 1992, ila sasa wanaokuuzia ni wengi, na unachagua ukiwa bado kwa kitanda chako.

Hapa ndipo huwa nakasirika kidogo. Kama kampuni isiyo na mnara inaweza kukuuzia data ya nchi jirani kwa bei unayoweza kulipa, na bado ipate faida, basi ile bei ya jumla haikuwa ukuta vile tulivyoambiwa. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, minara haikuhama. Lakini kufikia 2022 EE, Vodafone na Three walikuwa wamerudisha ada za romingi. Na serikali nazo bado zina mkono: Julai 2025 Uturuki ilifunga tovuti na programu za kampuni kadhaa za eSIM za safari.

Mimi nikienda Kampala kushuti, naweka eSIM ya data na laini yangu ya Kenya inabaki hai kwa ajili ya M-Pesa na zile jumbe za benki. Inanifaa, sitadanganya. Ila niko na simu ya doh, ya kazi. Simu nyingi za bei nafuu ambazo watu wa Busia na Namanga wanabeba hazina hiyo chipu. Mwaka 2006 One Network haikuuliza una simu gani. Kabambe ilitosha.

Anko sai ni dereva, bado njia ileile, sasa anafika hadi Kigali. Anatembea na laini tatu, mbili ndani ya simu na moja kwa pochi, imefungwa na karatasi ya gazeti. Nilimweleza eSIM mwezi uliopita, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa simu yake nimwekee. Nilitafuta kwa settings zote. Haina.