Lukuga: maji hupita, vipimo hukwama

Upimaji wa maji ya Ziwa Tanganyika ulianza na ubishi juu ya mdomo wa mto Lukuga, ulipo mji wa Kalemie. Mwaka 1871 wasafiri Livingstone na Stanley waliukuta mto Rusizi ukiingia ziwani. Pa kutokea maji hapakujulikana. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alitangaza kwamba ni Lukuga. Chifu wa huko alikuwa amemweleza kuwa watu wake huufuata mto huo hadi Lualaba, sehemu ya juu ya mto Kongo, ushahidi ambao Ulaya haikuupa uzito. Mwaka 1876 Stanley akapinga: alichoona ni matete, tope na maji yaliyotuama. Hore, baharia wa wamisionari, alifika mwaka 1879 akakuta mto unakwenda kwa kasi.

Kila mmoja alieleza alichokiona. Ziwa lilikuwa likipanda nyuma ya kizibo cha tope na majani. Mnamo 1878 kizibo kikapasuka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10. Kipimo kimoja tu, kilichosimikwa mahali pamoja na kusomwa kila siku, kingeumaliza mzozo.

Vipimo vililetwa na wakoloni, kila mmoja kwenye bandari yake: Wabelgiji Albertville (Kalemie ya leo), Wajerumani kisha Waingereza Kigoma. Safari ya utafiti ya Wabelgiji ya 1946–47 ilipima kina cha mita 1,470. Miaka ya 1950 kizuizi kilijengwa Lukuga, kisha mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zikaleta mafuriko.

Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa, uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Mito ya bonde la Kongo, kwa upande wake, ina tume yake ya CICOS mjini Kinshasa, iliyoundwa kwa mkataba wa 1999. Kati ya nchi nne za mkataba wa ziwa ni Kongo peke yake iliyomo katika tume hiyo. Kwa hiyo maji yaleyale hubadilisha ofisi yanapotoka Kalemie, mpangilio ambao ni mgumu kuutetea. Tanzania imewahi kudai kizuizi kijengwe upya ziwa lilipopungua. Mwaka 2024 ziwa lilipofurika Kalemie, Uvira na Bujumbura, hoja ikageuka: tatizo likawa maji kuzidi, si kupungua.

Lakini si kila mafuriko ya Lualaba hutoka ziwani: mji wa Mulongo uko juu ya mahali Lukuga inapoingia Lualaba, na mafuriko yake hutoka upande wa bonde la Upemba. Boti zinazoshuka kutoka huko kwenda Kongolo hukutana na maji ya ziwa baada ya Kabalo.