Wapanda Farasi Waliochagua Kutowinda

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 10, tunasoma habari za Nimrodi, mwindaji hodari. Katika sura ya 25 tunamkuta Esau, mtu wa nyikani, ambaye baba yake alimpenda kwa ajili ya mawindo aliyomletea. Tena baada ya gharika Mungu mwenyewe alimruhusu Nuhu na wanawe kula nyama. Kwa hiyo hatuandiki makala hii ili kusema kwamba kuwinda ni dhambi. Anayewinda ili watoto wake wapate kula, au anayelinda shamba lake lisimalizwe na nguruwe mwitu, Maandiko hayamhukumu.

Swali letu ni jingine. Katika historia walikuwapo watu waliokuwa na farasi, mbwa, nafasi na haki ya kuwinda, nao wakachagua kutowinda. Kwa nini walichagua hivyo?

Kwetu swali hili linaweza kuonekana geni. Sehemu nyingi za nchi yetu farasi hawakustawi kwa sababu ya mbung'o, na wazee wetu waliwinda kwa miguu. Lakini imani yetu ya Kilutheri ilizaliwa Ujerumani, na huko jambo hili liligusa dhamiri za watu tangu siku za Martin Luther mwenyewe. Ndiyo maana tunalitazama.

Mchezo wa wakuu

Kwa karne nyingi huko Ulaya kuwinda juu ya farasi hakukuwa hasa njia ya kutafuta kitoweo. Ulikuwa mchezo wa wafalme na matajiri. Kundi la mbwa lilifunguliwa lifuate harufu ya ayala au mbweha. Wapanda farasi walifuata nyuma kwa mbio, wakiruka nyua na mitaro, pengine kwa saa kadhaa, mpaka mnyama aishiwe nguvu. Ayala akishazingirwa na mbwa, mwindaji alishuka akammaliza kwa silaha yake ya mkononi. Mbweha alimalizwa na mbwa wenyewe, wala nyama yake hailiwi. Kilichotafutwa kilikuwa mbio, heshima na furaha ya kushinda.

Kanisa liliona hatari yake mapema. Mtaguso wa Agde, mwaka 506, uliwakataza watumishi wa Kanisa kufuga mbwa na ndege wa kuwindia. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano ulilirudia katazo hilo. Tunajua kwamba katazo hurudiwa pale linapovunjwa. Maaskofu wengi walikuwa watoto wa wakuu, na walipanda farasi kama ndugu zao.

Katika Kanisa la zamani iko pia hadithi ya Hubert, askofu wa Liège, aliyefariki mwaka 727. Inasemekana kwamba alipokuwa kijana alipenda kuwinda kuliko kitu chochote, hata siku ya Ijumaa Kuu alikuwa porini wakati wengine wako kanisani. Ndipo ayala aliyekuwa akimfukuza akageuka, na kati ya pembe zake kukaonekana msalaba. Hubert akashuka kwenye farasi wake akapiga magoti. Hadithi hii iliandikwa karne nyingi baada ya kifo chake, na kabla yake ilikuwa imesimuliwa juu ya mtu mwingine, Eustakio. Hatuichukui kama historia. Hata hivyo inatuonyesha kwamba Wakristo wa zamani waliweza kumwaza Kristo akiwa upande wa yule anayefukuzwa. Jambo la kushangaza ni kwamba Hubert, aliyeshuka kwenye farasi, baadaye alifanywa msimamizi wa wawindaji.

Luther na sungura

Mwaka 1521, baada ya Mkutano wa Worms, Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg. Aliacha joho la utawa, akafuga ndevu, akavaa kama askari mpanda farasi, na watu wakamjua kwa jina la Junker Jörg. Mtu wa namna hiyo alitazamiwa kuwinda. Basi mwezi Agosti alikwenda kuwinda kwa siku mbili, na tarehe 15 akamwandikia rafiki yake Georg Spalatin, aliyehudumu katika jumba la mkuu wa Saksonia.

Alimweleza kwamba walipata sungura wawili na kwale wachache maskini, na kwamba kazi ile iliwafaa watu wasio na kazi. Hata alipokuwa katikati ya mitego na mbwa, mawazo yake yalikuwa kwenye mambo ya Mungu. Moyo wake ulijaa huruma. Aliona katika mitego na mbwa wale mfano wa Shetani, anayewinda roho za watu wanyonge kwa njia ya walimu na maaskofu wasiomcha Mungu.

Kisha likatokea jambo lililomhuzunisha zaidi. Kwa juhudi yake sungura mmoja mdogo alikuwa ameokolewa akiwa hai. Luther akamkunja ndani ya mkono wa joho lake, akamwacha hapo, akasogea kando kidogo. Mbwa wakamgundua. Wakauma kupitia kitambaa, wakamvunja mguu, wakamkaba koo akafa. Luther akaandika kwamba ndivyo Papa na Shetani wanavyofanya: wanaharibu hata roho zilizokwisha kuokolewa, bila kujali jitihada zake. Akamwambia Spalatin kwamba amechoshwa na uwindaji wa namna ile. Akawatania pia watu wa jumbani wapendao nyama ya mwituni, kwamba huko peponi wao ndio watakuwa mawindo, na Kristo, mwindaji aliye bora, atawapata kwa taabu sana.

Tuangalie vizuri. Luther hakutunga sheria juu ya uwindaji. Alikwenda, akaona, akajikuta amesimama upande wa sungura. Miezi michache baadaye, katika ngome ile ile, alianza kutafsiri Agano Jipya, nalo likachapishwa Septemba 1522. Yeye mwenyewe alikuwa mtu anayewindwa. Alikuwa chini ya marufuku ya Kaisari, na yeyote angeweza kumkamata. Aliyewahi kufukuzwa huelewa pumzi ya mnyama anayekimbia.

Shamba la jirani

Sababu ya pili ilitoka kwa wakulima. Mwezi Machi 1525, mjini Memmingen, wakulima wa kusini mwa Ujerumani waliandika madai yao katika vipengele 12, wakiyategemeza kwa Biblia. Kipengele cha nne kilihusu wanyama wa porini, ndege na samaki. Walisema kwamba maskini amekatazwa kuwakamata, na kwamba wanyama wa wakuu wanaingia mashambani na kula mazao, naye mkulima analazimika kunyamaza. Mungu alipompa mwanadamu mamlaka juu ya wanyama, walisema, hakuwapa wakuu peke yao.

Wakulima wale walishindwa vitani, na maelfu waliuawa. Luther aliwaonya kwanza wakuu na wakulima pamoja, kisha akaandika maneno makali dhidi ya wakulima ambayo hadi leo yanatuumiza kuyasoma. Lakini malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Kwa miaka mingine zaidi ya 300 wakuu waliendelea kuwafuga ayala na nguruwe mwitu kwa ajili ya kuwinda, na wakulima waliendelea kulazimishwa kuswaga wanyama bila malipo. Farasi na mbwa walipita katika ngano iliyokaribia kuvunwa. Mapinduzi ya 1848 ndiyo yaliyoondoa haki ya bwana kuwinda katika ardhi ya mtu mwingine.

Mpanda farasi mwenye dhamiri hakuhitaji kumfikiria ayala ili ajizuie. Ilitosha kutazama chini ya kwato za farasi wake na kuona ni chakula cha nani anachokanyaga.

Mfalme aliyebaki nyumbani

Friedrich wa Pili wa Prussia alilelewa na baba aliyependa sana kuwinda na aliyetaka mwanawe awe vilevile. Mwana alikuwa hodari juu ya farasi na aliongoza majeshi vitani kwa miaka mingi, lakini uwindaji aliuchukia. Mwaka 1740, katika kitabu chake cha kumpinga Machiavelli, alitumia sura ya 14 kueleza sababu. Uwindaji, alisema, unakula muda wa mtawala na kuuacha utupu akilini, na kuzoea kuua kwa furaha hakumfanyi mtu awe na huruma. Kwa wale waliodai kwamba uwindaji hufundisha vita, aliwataja majemadari mashuhuri ambao hawakuwa wawindaji.

Friedrich hakuwa mtu wa kanisani, na vita vyake viliua watu wengi. Hatumleti hapa kama mtakatifu. Lakini Mungu huweza kutumia hata akili ya asiyeamini kutukumbusha jambo la kweli: tunachokifanya kwa burudani kinatufinyanga.

Mchungaji wa Mössingen

Karne moja baadaye walitokea wachungaji wa Kilutheri wa Württemberg. Christian Adam Dann alizaliwa mwaka 1758. Mwaka 1812 mfalme alimwondoa Stuttgart kwa sababu ya mahubiri ya mazishi yasiyompendeza, akampeleka vijijini. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, mfalme yule alifanya karamu kubwa ya uwindaji huko Bebenhausen, ambapo wanyama waliswagwa kutoka mbali na mamia yao wakapigwa risasi kwa siku moja.

Dann alikuwa mchungaji wa Mössingen pale korongo mmoja alipouawa bila sababu. Mwaka 1822 akatoa kijitabu ambacho wanyama maskini wanazungumza wenyewe na kuwasihi wanadamu. Wanawaita wanadamu mabwana wao, na pia viumbe wenzao. Maneno hayo mawili pamoja ndiyo mafundisho yote: wewe ni bwana, na wewe ni kiumbe mwenzangu. Mwaka 1837, mwaka ambao Dann alifariki, Mchungaji Albert Knapp alianzisha mjini Stuttgart chama cha kuwalinda wanyama, cha kwanza katika nchi za Kijerumani.

Sheria bila moyo

Hapa hatuna budi kusema jambo zito. Kuwinda juu ya farasi kwa kundi la mbwa kulikatazwa Ujerumani kwa sheria ya tarehe 3 Julai 1934. Serikali iliyotunga sheria hiyo ilikuwa ya Adolf Hitler. Siku ile ile serikali hiyo ilitoa sheria nyingine, ya kuhalalisha mauaji iliyoyafanya tangu tarehe 30 Juni, ambapo watu wengi waliuawa bila kupelekwa mahakamani. Mbweha alilindwa, na binadamu hakulindwa. Yaliyofuata, hasa juu ya Wayahudi, dunia nzima inayajua.

Je, hii ina maana kwamba huruma kwa wanyama ni unafiki? Hapana. Uingereza nayo ilikataza mbweha kuwindwa kwa mbwa, kwa sheria ya mwaka 2004 iliyoanza kutumika Februari 2005, kwa njia ya bunge na baada ya mabishano marefu. Lakini mwaka 1934 unatufundisha kwamba sheria inaweza kuuzuia mkono bila kuugeuza moyo. Huruma inayochagua mnyama na kumwacha jirani haijatoka kwa Kristo. Vilevile mtu asiseme kwamba anampenda jirani, huku akimtesa mnyama asiyeweza kujitetea.

Farasi bado wanakimbia

Leo wapanda farasi wa Ujerumani hukusanyika karibu na tarehe 3 Novemba, siku ya Hubert. Pengine huanza kwa ibada. Mmoja hutangulia akidondosha kimiminika chenye harufu. Mbwa hufuata harufu hiyo, na wapanda farasi hufuata mbwa wakiruka vizuizi vilivyoandaliwa. Mwishoni mbwa hupewa matumbo ya ng'ombe kama zawadi. Katika vyama vingine mmoja hufunga mkia wa mbweha begani, na wenzake humfukuza mpaka mmoja aunyakue. Mbio zipo, baragumu ipo, furaha ipo. Hakuna mnyama anayefukuzwa hadi kufa. Kumbe kilichopendwa kilikuwa farasi na wenzi, na damu haikuhitajika.

Sisi nasi

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 8, alikuwa na haki ya kula nyama, lakini alikuwa tayari kuiacha maisha yake yote kwa ajili ya ndugu yake. Huo ndio uhuru wa Mkristo. Aliye huru kweli anaweza kuiacha haki yake bila kujiona amepungukiwa.

Wapendwa, wengi wetu hatuna farasi. Lakini kila mmoja wetu anaketi juu ya kitu kinachomwinua kuliko wengine: cheo kazini, uongozi wa usharika, mifugo mingi, fedha, au sauti ya mwisho nyumbani. Mwenye ng'ombe aangalie ni mahindi ya nani yanayokanyagwa. Mwenye punda aangalie mzigo aliomtwika, kama Mithali 12:10 inavyomtaka mwenye haki aujali uhai wa mnyama wake. Mzazi anayemwona mtoto akiwapiga ndege kwa manati kwa mchezo tu asipite kimya, kwa maana ndipo moyo unapofunzwa. Na mwenye mamlaka juu ya watu, kabla ya kumfuatilia mnyonge kwa kosa dogo mpaka aishiwe pumzi, na amkumbuke sungura katika joho la Luther.

Bwana wetu alikuwa na mamlaka yote mbinguni na duniani. Alipoingia Yerusalemu hakupanda farasi wa vita. Alimpanda mwana-punda, akaenda kuwafia wale waliokuwa wakimwinda.