Takwimu za watu wasio na makazi (Tanzania)

Takwimu za watu wasio na makazi ni hesabu ya watu wasiokuwa na mahali maalumu pa kuishi, inayotumiwa na serikali kupanga huduma na matumizi. Tanzania haina daftari moja la kitaifa la kundi hili. Taarifa zake zimetawanyika katika taasisi kadhaa.

Chanzo kikuu ni Sensa ya Watu na Makazi inayoendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kwa sensa ya 2022 usiku huo ulikuwa wa kuamkia 23 Agosti: makarani wenye vishikwambi waliwahesabu pia waliolala barazani, stendi na nje ya maduka.

Vijijini, kama katika kata ya Kinjumbi wilayani Kilwa, mkoani Lindi, ukosefu wa makazi huonekana zaidi baada ya mafuriko. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilileta mvua kubwa wilayani humo na kukata barabara ya Lindi–Dar es Salaam eneo la Somanga. Tathmini ya maafa huanzia kwa mtendaji wa kijiji.

Fedha za kuwasaidia watu hawa hupitia mafungu tofauti ya bajeti. Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hulenga kaya maskini zinazotambuliwa katika mkutano wa kijiji, hivyo asiye na kaya wala kijiji hupitwa kwa urahisi. Matumizi hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.