Carry: maana na matumizi yake kwa Kiswahili

Kitenzi cha Kiingereza «carry» hufasiriwa mara nyingi kwa neno moja, beba. Neno hilo hutosha pale ambapo kitu kinahamishwa tu. Halitoshi pale Kiswahili kinapotaka kujua mzigo umekaa wapi mwilini.

Huko Kizota, kata ya Jiji la Dodoma yenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kuli anayeshusha mahindi hubeba gunia begani. Mama lishe anayepita hapo amejitwika ndoo kichwani, na mtoto amemweleka mgongoni kwa mbeleko. Kwa Kiingereza wote wawili, pamoja na mizigo yao mitatu, wangeenea katika «carry». Mfasiri akiandika beba kila mahali hakosei sarufi, ila picha inapotea. Lori nalo huchukua tani 10: chukua ndicho kitenzi cha uwezo wa chombo.

Chukua hutaka uangalifu zaidi. Maana yake ya kubeba ndiyo iliyozaa mchukuzi na uchukuzi, lakini wasemaji wengi wa leo huielewa kwanza kuwa ni kutwaa. Kwa hiyo mwanamke aliyebeba mimba yu mjamzito sasa; aliyechukua mimba ndiyo kwanza ameipata. Katika maandishi ya kliniki tofauti hiyo si ndogo.

Kwa mizigo ya misafara neno lake ni pagaa, kukichukua kitu mabegani, na mwenye kazi hiyo ni mpagazi. Njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilipita Ugogo. Katika Vita Kuu ya Kwanza wanaume wa huko walikamatwa kuwa wapagazi wa majeshi, nafaka na ng'ombe vikachukuliwa. Pamoja na ukame, hayo yalileta njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliacha jina lake Dar es Salaam: Kariakoo ni «Carrier Corps» katika matamshi ya Kiswahili. Anayefasiri habari za wakati huo aandike wapagazi. Wabebaji ni neno jepesi mno kwa watu waliolazimishwa.

Bungeni, hoja inayosemwa kwa Kiingereza kuwa «carried» imepita au imepitishwa. Kuandika kwamba hoja ilibebwa ni hatari, kwa sababu kubebwa ni kupendelewa, kama timu inayodaiwa kubebwa na mwamuzi. Sauti inayosikika mbali inafika mbali, haibebi. «Carry on» ni endelea. «Carry out» ni tekeleza. Jukumu, kwa bahati nzuri, hubebwa katika lugha zote mbili.

Penye maradhi ndipo kosa linapoumiza. Mbu hubeba vimelea vya malaria na kuvieneza. Hapo beba ni sahihi. Lakini mtu anayeitwa «carrier» wa selimundu amerithi jeni ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu, na kwa kawaida haugui. Iandikwe hivyo hivyo kwa urefu wake: ana jeni ya selimundu bila kuwa mgonjwa. Akiandikiwa kwamba amebeba selimundu, atarudi nyumbani akiamini anaumwa.