Kahawa Ikiwa Bado Maua

Mwaka 1984, mwana wa Muleba aliandika tasnifu ya uzamivu huko Uppsala, Sweden, juu ya kibanja cha kwao. Anna Tibaijuka alikuwa amekwenda mbali kusoma uchumi wa kilimo, lakini alichochunguza ni mashamba madogo ya migomba na kahawa ya Kagera: kwa nini yanadorora, na yafufuliwe vipi. Swali lilikuwa la moto. Vyama vikuu vya ushirika, kikiwemo cha Bukoba kilichoanzishwa 1950, Serikali ilivivunja 1976. Kisha ikaja vita ya 1978–79.

Kiangazi kilichopita nilihudhuria kozi fupi ya uchumi na biashara ughaibuni. Tulifundishwa mikataba ya soko la London, ya kuuza kahawa itakayokabidhiwa miezi ijayo. Kwetu Buganguzi nasi tuna butura: mkulima anauza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua. Serikali inapiga marufuku, watu wanaendelea, maana karo na msiba havingoji msimu. (Ada yangu ya kidato cha tano ilitoka huko.) Lakini London muuzaji anajikinga bei isimwangushe, kwetu anauza kwa kukosa akiba, na bei anapanga mwenye fedha mkononi.

Nilimuuliza mhadhiri mkulima wa vibuni mia mbili ataingiaje soko hilo. Akajibu: kupitia ushirika. Nikamsimulia habari za 1976.