Mwavuli: Neno la Kivuli na la Mamlaka

Aghalabu mwavuli hufasiriwa kuwa ni kifaa cha kujikingia mvua, na matumizi yake ya kisitiari, mathalani "chini ya mwavuli wa chama", huhesabiwa kuwa ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Rai zote mbili zahitaji kutazamwa upya.

Kimaumbo, neno mwavuli lina nasaba moja na kivuli na uvuli, mvua haimo. Ndivyo ilivyo kwingineko pia: umbrella ya Kiingereza ilitoka katika Kiitaliano, na asili yake ni umbra ya Kilatini, yaani kivuli, shamsiyya ya Kiarabu imetokana na shams, jua.

Historia ya pwani yaongeza maana ya pili. Mwaka 1331 Ibn Battuta alimshuhudia sultani wa Mogadishu akitembea chini ya vifuniko vinne vya hariri, kila kimoja kikiwa na ndege wa dhahabu kileleni. Mwaka 1498 msafara wa Vasco da Gama ulimkuta mfalme wa Malindi ameketi chini ya mwavuli wa duara wa atlasi nyekundu.

Hatudai kwamba sitiari ya leo imerithiwa moja kwa moja kutoka Malindi. Athari ya Kiingereza haikanushiki. Hata hivyo, athari hiyo ililikuta neno lenye kivuli ndani yake, katika pwani iliyokwisha kuuona mwavuli kama alama ya enzi. Zamani ulimfunika mmoja atawalaye. Leo huwafunika wengi watafutao hifadhi. Mhakiki aonaye mvua tu hataling'amua geuko hilo.