Maneno ya Kiingereza yaliyojificha ndani ya Kiswahili cha Panda

Mtoto wa Panda akisikia baridi usiku anaomba bulangeti. Haombi kwa Kifaransa, ambacho ndicho anafundishwa darasani, na neno hilo si la Kibemba wala la Kiluba kwa asili. Ukiondoa vokali, zinabaki herufi b, l, ng, t. Mtu anayejua Kiingereza ataona mara moja neno linalofanana na herufi hizo: blanket. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zigongane mwanzoni, wala neno kuishia na konsonanti, kwa hiyo kimeingiza u katikati na i mwishoni.

Jaribu tena. Motokari: m, t, k, r, yaani motor car. Buku: b, k, yaani book. Koti na shati ni hivyo hivyo. Njia hii ina mitego yake. Tiketi ingeweza kutoka kwa Mwingereza au kwa Mbelgiji, maana wote wawili wanaandika ticket. Boyi, mtumishi wa nyumbani, ni neno la Kiingereza kwa asili, lakini Wabelgiji nao walilitumia ndani ya Kifaransa chao. Lopitalo hailetei mtu shida: ile l ya mbele ni ya l'hôpital, Kifaransa kitupu.

Sasa Kiingereza kilifikaje hapa, katika koloni la Ubelgiji?

Kilikuja na treni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na nyuma yake kulikuwa na kampuni ya Mwingereza Robert Williams, Tanganyika Concessions. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 haikutoka Kinshasa wala baharini Matadi. Ilitoka kusini, Rhodesia, ikapitia Sakania. Mashine, unga, mafundi wazungu na wafanyakazi weusi walipanda njia hiyo moja. Miaka ile ya kwanza hata shilingi na pauni zilikuwa zinapita mikononi mwa watu wa Katanga. Reli ya kuunganisha Katanga na Ilebo, upande wa Kasai, ilimalizika mwaka 1928 tu. Kwa miaka karibu 18 mlango mkubwa wa Katanga ulikuwa wa kusini, na mlangoni pale watu walisema Kiingereza na lugha za Rhodesia.

Wabelgiji hawakufurahi. Johannes Fabian, mtaalamu wa mambo ya jamii aliyeandika juu ya lugha na utawala wa kikoloni katika kitabu chake cha mwaka 1986, anaonyesha kwamba sababu moja ya wakubwa kukisukuma Kiswahili Katanga ilikuwa kupunguza nguvu ya Kiingereza. Miaka ya 1920 kampuni ikaanza kuchukua watu wengi kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, na kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto. Ndipo Panda na Shituru zikajaa. Mluba na Mnyarwanda walihitaji lugha moja ya kazini na ya kisimani, nayo ikawa Kiswahili. Wakubwa walitaka kufunga mlango wa Kiingereza, lakini maneno yalikuwa yameshaingia ndani, yameketi.

Kuna maandishi yanayoonyesha jambo hili kuliko kamusi yoyote. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji, historia ya Élisabethville kwa upande wa watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu. Hakufuata tahajia ya shule. Maneno yanashikana pale ambapo mwalimu angeyatenga, na yanakatika pale ambapo angeyaunganisha, hata msomaji anatazama mfululizo wa herufi akitafuta neno liko wapi. Fabian alipotaka kuyachapisha, kitabu kikatoka mwaka 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, aliyeyasoma kwa sauti. Sikio lilisikia kile jicho lilichoshindwa kuona. Yaliyochukuliwa kama makosa ya kuandika yalikuwa ni sauti ya mji wenyewe.

Kwa familia nyingi jambo hili si la mchezo. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi. Walilala stesheni na mahali pengine pa mji wakingoja treni, na wengine walifia pale au njiani. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga. Walirudishwa “kwao”, Mwene-Ditu na kuendelea, ambako watu wanasema Ciluba, na watoto walishuka wakisema Kiswahili cha Panda na Shituru. Lugha iliyowafanya kuwa watu wa Likasi haikuwazuia kufukuzwa, na huko walikofika ikawatambulisha kuwa wageni.

Leo pia wako wanaofika na Kiswahili cha Kivu wakikimbia vita, na wako wanaowacheka, kama vile watu wa pwani wanavyokicheka cha Katanga na kukiita kibovu. Lakini blanketi la Mombasa na bulangeti la Panda vimetoka kwa Mwingereza yule yule. Kimoja kilipita bandarini, kingine kikapanda treni Rhodesia. Mama wa Bukavu akisikia neno geni sokoni Panda, aondoe vokali kwanza, atazame herufi zilizobaki. Mara nyingi ataliona neno analolijua. Pengine hatalijua, na hapo amuulize mzee aliyefanya kazi Gécamines, maana maneno mengine ya kambini hayajaandikwa popote mpaka leo.